Mpaka Wetu na Mpimaji Tuliyemlipa Sote

Mgogoro wa mpaka kati yangu na jirani ulianza kupoa siku tulipokubaliana kumtafuta mpima ardhi mmoja na kumlipa nusu kwa nusu. Mpimaji aliyeletwa na upande mmoja, hata awe mwadilifu kiasi gani, vipimo vyake huonekana vimenunuliwa. Tulikubaliana pia kwamba hadi kazi iishe hakuna atakayejenga, kukata mti wala kugusa bikoni (alama za zege zilizozikwa kwenye kona za kiwanja), maana kung'oa alama ya mpaka ni kosa la jinai katika nchi nyingi.

Watu hukimbilia kuonyeshana hati miliki, ilhali kinachohitajika zaidi ni ramani ya upimaji, kwa kuwa humo ndimo mna urefu wa kila upande na namba za bikoni. (Simu nayo iwekwe mfukoni: inapoonyesha mahali ulipo inaweza kukosea kwa mita kadhaa, na sisi tulikuwa tukigombania hatua moja.) Mpimaji alifuata ramani hiyo, akachimba kwenye kona iliyojaa magugu mpaka jembe likagonga zege, kisha akafuta udongo kwa kidole gumba, na ncha ya chuma ikaonekana katikati. Kamba ilipovutwa kutoka hapo hadi bikoni ya pili, tuliona kwamba uzio ulikuwa umepinda, ukiingia kwa jirani upande wa mbele na kwangu upande wa nyuma, kwa hiyo kila mmoja alikuwa na haki kidogo.

Tungeweza kuuacha uzio ulivyo, lakini mimi nilikataa kuuacha bila maandishi. Sheria za nchi nyingi humruhusu mtu aliyeikalia ardhi waziwazi kwa miaka mingi, bila idhini ya mwenyewe, kudai kuwa ni yake, na ukimya wa leo unaweza kuwarithisha watoto kesi. Mkienda mbali zaidi na kuuhamisha mpaka wenyewe, mabadiliko hayo hupelekwa kwa msajili wa ardhi, kwani makubaliano ya mdomo hayamfungi atakayenunua kiwanja kesho.

Sisi tuliurudisha uzio kwenye mstari, tukagawana gharama, tukatia saini mbele ya mashahidi pamoja na mchoro. Mti mmoja wa jirani, ambao mstari uliuacha upande wangu, tuliuwekea kifungu chake: matunda ataendelea kuchuma yeye, na matawi yanayoegemea paa langu nitayapunguza baada ya kumwarifu.