Ukishatoka kwenye konsaltansi, unakwenda wapi?

Vijana wengi wa nyumbani wananiandikia kuuliza namna ya kuingia kwenye kampuni kubwa za ushauri wa menejimenti hapa Uingereza. Wanaouliza namna ya kutoka ni wachache mno, na hali karibu kila anayeingia atatoka. Mfumo wenyewe umejengwa hivyo. Miaka miwili mitatu ikipita, ama unapanda cheo ama unaambiwa kwa upole uanze kuangalia kwingine. Hakuna ugomvi wala barua ya onyo. Wapo wanaopewa miezi kadhaa ya kutafuta kazi huku mshahara unaingia, maana kampuni inajua kesho utakuwa meneja mahali na huenda ukawaita haohao waje kukushauri.

Mwenzako mwenye pasi ya Uingereza akiambiwa hivyo anachukua likizo, anakwenda Thailand kutuliza akili. Aliyekuja kwa viza ya kazi hana nafasi hiyo. Viza imefungwa kwa mwajiri. Ajira ikikatika, mwajiri anaripoti Wizara ya Mambo ya Ndani, na kwa kawaida unabaki na siku 60 za kupata mwajiri mwingine mwenye leseni ya kudhamini wageni. Usipompata, funga mizigo. Kwa hiyo mimi nilianza kutafuta nikiwa bado nimekaa kwenye kiti changu, sijamwambia mtu.

Kuna na hesabu ya pili ambayo hawakwambii kwenye usaili. Tangu Saudi Arabia itangaze Dira ya 2030, mpango wake wa mageuzi ya uchumi, mwaka 2016, kazi za ushauri zimefurika Riyadh, na timu za London zinapelekwa huko. Wiki ya kazi kule inaanza Jumapili, kwa hiyo Jumamosi usiku uko Heathrow na begi. Kwa kanuni za wakati wangu, ukitaka ukaazi wa kudumu baada ya miaka mitano, ulitakiwa usiwe nje ya Uingereza zaidi ya siku 180 ndani ya miezi 12 yoyote, na siku ulizotumwa na mwajiri mwenyewe zilihesabiwa vilevile. Wenzangu kwenye mradi walikuwa wanahesabu pointi za ndege. Mimi nilikuwa na jedwali la siku.

Orodha ya waajiri wenye leseni iko wazi kwenye tovuti ya serikali, unaipakua bure. Ni maelfu kwa maelfu ya majina, mengi ni ya vituo vya kulea wazee na mikahawa. Niliichuja kwa miji, nikaanza kuangalia kampuni za kati ambazo hakuna mtu ofisini kwetu aliyekuwa anaziwazia, kwa sababu wote walikuwa wanagombea nafasi zilezile: mifuko ya uwekezaji, kampuni za teknolojia, idara za mikakati kwenye mabenki. Ndivyo nilivyoangukia kwa msambazaji wa vyakula huko Yorkshire, mbali kabisa na London.

Kwenye usaili, mkurugenzi wa uendeshaji aliipitia CV yangu kwa haraka. CV ya mtu wa konsaltansi inafanana na ya jasusi: “benki kubwa ya Ulaya”, “shirika la umma la Ghuba”, hakuna mteja anayetajwa jina. Akaiweka mezani akaniuliza, “Umewahi kuwa na watu wangapi chini yako?” Nikamweleza timu nilizoongoza. Akasema hao nilikuwa nimeazimwa kwa muda wa mradi. Yeye alitaka kujua kama nimewahi kuajiri mtu, kumpangia zamu, kumkatalia likizo ya Krismasi, na keshoyake nikaonana naye tena. Sikuwahi. Alinipa kazi, lakini cheo kilishuka ngazi moja na mshahara nao ulipungua. Nyumbani sikuwaambia; hela ya kutuma ilibaki ileile, nikabana kwingine.

Watu hupenda kumtaja Tidjane Thiam wa Ivory Coast kama ushahidi kwamba konsaltansi inafungua kila mlango: McKinsey, kampuni kubwa ya ushauri, kisha mkuu wa kampuni ya bima ya Prudential mwaka 2009, mtu mweusi wa kwanza kuongoza kampuni ya FTSE 100, yaani zile 100 kubwa za soko la hisa la London. Mimi kinachonivutia ni katikati ya safari hiyo. Mwaka 1994 alirudi Abidjan kuongoza taasisi ya serikali iliyosimamia miradi mikubwa ya miundombinu, baadaye akawa waziri. Desemba 1999 jeshi likapindua serikali. Akarejea Paris, McKinsey ileile, ndipo akahamia kampuni ya bima ya Aviva mwaka 2002. Wanaoisimulia habari yake huiruka Abidjan kana kwamba ilikuwa likizo, nami naona pale ndipo alipobeba mzigo wa kazi yenyewe.

Turudi Yorkshire, kwenye ghala la vyakula nilikopata kazi. Zamu ya asubuhi inaanza saa kumi na mbili, watu wamesimama mbele ya ubao mweupe: oda zilizokwama jana, nani hajafika, nani ameumia. Hakuna aliyewahi kuniomba slaidi. Vibarua wa wakala ni Waromania, Waeritrea, na kuna mzee mmoja wa Bukavu ambaye Kiswahili chake kimejaa Kifaransa. Yeye ananiita “shefu”, yaani bosi, mimi namwita “papa”. Takwimu zilikuwa zinaonyesha kila Alhamisi usiku kasi ya kukusanya oda inaporomoka. Nilikuwa na grafu safi kabisa. Papa akanionyesha njia ya katikati ya rafu: malori ya mchele na mafuta ya kupikia yanafika Alhamisi jioni, paleti zinashushwa palepale, na kila mwenye toroli anazunguka ghala zima kufuata katoni moja ya nyanya.

Kusogeza muda wa malori kwenye ratiba kulinichukua dakika chache. Kwenye konsaltansi kazi ingeishia hapo: pendekezo, makadirio ya akiba, asanteni. Huku ndipo ilipoanza. Dereva mmoja alinipigia simu kunilalamikia kwamba sasa anakutana na foleni ya barabara kuu ya M62. Anayetuletea bidhaa akadai nyongeza. Msimamizi wa zamu ya usiku alinuna kwa sababu watu wake wa foklifti walipoteza saa za ziada, na saa za ziada ni kodi ya nyumba ya mtu. Nilikaa na hayo wiki nyingi. Kuligawa tatizo vipande, kuandika maelezo yakaenea ukurasa mmoja, kukaa na wakubwa bila kutetemeka, hayo nilikuja nayo na yamenisaidia kweli. Kununiwa na kesho yake kurudi kumsalimu mtu, hilo nimejifunzia hapa.

Kwa anayepanga kutoka sasa, hesabu imekuwa ngumu kuliko yangu. Mimi nilihama mwaka 2022. Kima cha kawaida cha mshahara kwa viza hii kilikuwa pauni 26,200 kwa mwaka mnamo 2023, kikapanda hadi 38,700 Aprili 2024, kisha 41,700 Julai 2025, na kazi yenyewe sasa kwa jumla lazima iwe ya ngazi ya shahada. Maana yake kushuka ngazi kama nilivyofanya mimi kunaweza kukugharimu viza. Kabla hujafurahia cheo, mwulize mwajiri atakuombea kwa msimbo gani wa kazi, yaani namba ya serikali ya aina ya kazi, na ukaangalie mwenyewe msimbo huo unataka mshahara kiasi gani. Idara ya rasilimali watu ikisema “usijali, tutashughulikia”, omba kwa maandishi.

Mimi ukaazi wa kudumu nimeshaupata, kwa hiyo naweza kuchagua kwa utulivu. Juzi bosi ameniuliza kama nitakubali kwenda Hull kwenye ghala jipya, cheo kikubwa zaidi, sehemu kubwa ikiwa ni mipango na mikakati. Nimemwomba aniandikie kwanza nitakuwa na watu wangapi.