Breki ya baiskeli kwenye Hunter: kumbukumbu ya mradi wangu

Machi, wiki ya kwanza

Nimerudi kwenye simyuleta, programu ya kuigiza urushaji wa ndege kwenye kompyuta, baada ya kuiacha tangu Desemba, na safari hii nimejiwekea sharti: ndege moja tu mpaka niielewe. Ndege yenyewe ni Hawker Hunter, jeti ya kivita ya Uingereza ya miaka ya 1950. Nairusha kwenye FlightGear, programu ya bure, katika kompyuta ya mitumba ambayo feni yake inapiga kelele kuliko Avon, injini ya Hunter.

Kwa nini Hunter, wakati kuna ndege mpya zenye skrini kila kona? Kwanza ni sura. Sydney Camm, aliyeichora, ndiye aliyechora Hurricane, ndege ya vita vya pili vya dunia, na mstari wa Hunter kutoka puani hadi mkiani hausiti mahali popote. Pili ni ujirani. Naishi Eastlands, na uwanja wa jeshi wa Eastleigh hauko mbali nami. Leo unaitwa Moi Air Base, lakini enzi za mkoloni ulikuwa kituo cha jeshi la anga la Uingereza, na kuanzia 1960 kikosi chao cha 208 kilikuwa kikirusha Hunter FGA.9, toleo la kushambulia ardhini, kutoka hapo. Katikati ya 1961, Iraki ilipoitishia Kuwait, Hunter hizo zikapelekwa Ghuba, na kabla ya mwaka kwisha kikosi kikahamia Aden. Miaka ya 1970 Kenya yenyewe ikanunua Hunter chache. Kwa hiyo nikiiegesha Eastleigh kwenye skrini, naona nimeirudisha mahali ilipowahi kulala.

Nilidhani wiki hii nitaandika habari za kuruka. Sikuruka. Jioni tatu mfululizo nimeshindwa hata kuitoa ndege kwenye maegesho.

Machi, wiki ya pili

Tatizo nimelijua. Gurudumu la mbele la Hunter haliongozwi na rubani. Linazunguka lenyewe kama vigurudumu vya toroli ya supamaketi, linafuata tu kule ndege inakovutwa. Ili ukate kona ardhini, lazima ubane breki ya upande mmoja. Na breki zenyewe haziko kwenye ncha za pedali kama za Wamarekani. Kwenye Hunter kuna kishikio kimoja kwenye kijiti cha kuongozea. Ukikivuta na miguu ikiwa sawa, magurudumu yote mawili ya nyuma yanabanwa kwa kiasi kimoja. Ukisukuma pedali ya kulia huku umekivuta, breki inabaki kulia na kushoto inaachiwa, na ndege inageukia kulia.

Mimi nilikuwa nimeweka breki kwenye kitufe cha kibodi. Kitufe hakijui nusu. Ni yote au hakuna. Ndiyo maana ndege ilikuwa ikijizungusha pale pale kama kuku aliyekatwa kichwa.

Uamuzi: nitajenga kishikio halisi.

Machi, wiki ya tatu

Nimekwenda kwa fundi wa baiskeli karibu na steji. Nilimwomba kishikio cha breki kilichotumika, cha mkono wa kulia, na waya wake.

"Ya baiskeli gani, kijana?"

"Ya ndege, mzee."

Akanitazama, akaendelea kufunga spoku. Baadaye akachimba kwenye kopo la vyuma na kunitolea kishikio kilichopauka lakini kigumu. Akanitoza shilingi hamsini na kuniambia nikirudi na ndege yenyewe ataifanyia sabisi bure.

Mpango ni huu. Kishikio kinafungwa kwenye joistiki yangu ya zamani kwa kibano cha bomba. Waya unashuka hadi kwenye kijisanduku cha mbao chini ya meza, ambako unazungusha potenshomita ya kiloomu 10, yaani kizuizi cha umeme kinachobadilika ukikizungusha. Potenshomita inasomwa na bodi ndogo ya elektroniki ya Arduino, ile ambayo kompyuta inaiona kama joistiki ya USB. Pedali ninazo tayari: mbao mbili, bawaba za mlango, na potenshomita nyingine. Zinalia kama mlango wa choo cha shambani, ila zinafanya kazi.

Machi, mwisho wa mwezi

Haikufanya kazi kama nilivyotaka, na kosa lilikuwa la hesabu. Potenshomita inazunguka nyuzi karibu 300 kutoka mwanzo hadi mwisho, na bodi inatafsiri mzunguko huo wote kuwa namba kuanzia 0 hadi 1023. Lakini kishikio cha baiskeli kinaizungusha nyuzi 40 tu. Maana yake napata namba kama 136, si 1023. Zingetosha kama zingetulia, lakini zinarukaruka tatu au nne hata nisipogusa kitu. Kwenye 136, nne ni asilimia tatu, na kwenye breki ya Hunter asilimia tatu unaiona: pua inatikisika kushoto na kulia kama inakataa jambo.

Nimejaribu dawa mbili. Ya kwanza ni kuiambia bodi isome mara 16 na kuchukua wastani. Mtikisiko ukapungua sana. Ya pili ni giya za plastiki nilizong'oa kwenye printa iliyokufa: kubwa upande wa waya, ndogo kwenye potenshomita, ili nyuzi 40 ziwe 120. Sasa nina namba zaidi ya 400 za kuchezea. Ningeanza na giya ningejiokolea wiki nzima, lakini ndivyo nilivyo, huwa nakimbilia programu kabla ya chuma.

Kuchanganya breki na pedali nimekufanya ndani ya bodi yenyewe. Inapeleka kwa simyuleta ishara mbili, breki ya kushoto na breki ya kulia, na simyuleta haina habari kwamba nyuma yake kuna mkono mmoja na waya wa baiskeli.

Aprili, Jumamosi ya kwanza

Nimetoka kwenye maegesho! Nimekata kona mbili na kusimama mwanzo wa njia ya kurukia bila kupanda nyasi. Nimekaa nikaitazama skrini kama dakika nzima, injini ikinguruma.

Halafu stima ikapotea. Mtaa mzima.

(Avon za Hunter za baadaye hazikuhitaji stima nyingi kuamka. Ziliwashwa kwa isopropili naitreti, kimiminika kinachowaka bila kuhitaji hewa, na kuwashwa kwake kulikuwa na mlio mkali na moshi. Jirani zangu wasingevumilia.)

Aprili, katikati

Kuruka kwenyewe sina mengi ya kusema, maana Hunter angani ni mpole kuliko nilivyotarajia. Usukani ni mwepesi kwa sababu una nguvu ya haidroliki. Nilishuka kwa mteremko kutoka juu na kupita kasi ya sauti bila kelele wala tetemeko. Ikiruka mlalo haiwezi kuipita, ikiteremka inaweza. Nimesoma kuwa Neville Duke, rubani wa majaribio aliyeirusha mara ya kwanza Julai 1951, aliweka rekodi ya dunia Septemba 1953 kwa kilomita 1,171 kwa saa, akipita chini juu ya bahari karibu na Littlehampton. Ndege yake ilikuwa nyekundu. Yangu nimeiacha kijivu na kijani.

Ila ina kiu. Jumapili nilikwenda kuzunguka Mlima Kenya. Nilipanda vizuri, nikaipita Batian, kilele chake cha juu kabisa, kwa juu, nikafurahi, nikashuka chini kabisa Laikipia na kusukuma gesi mpaka mwisho. Injini ya jeti ikiwa chini kwenye hewa nzito hunywa mafuta kuliko ikiwa juu, hilo nalijua, nimeliandika kwa mkono kwenye daftari. Nikalisahau. Karibu na Thika mshale wa mafuta ulikuwa umelala, na nilimaliza safari katika shamba la mananasi.

Angalau sikuwa wa kwanza. Tarehe 8 Februari 1956 Hunter nane ziliruka kutoka West Raynham, Uingereza, kwa mazoezi. Mawingu yakafunga uwanja nyuma yao, wakaelekezwa Marham ambako nako hali ilikuwa mbaya, na mafuta hayakungoja. Mbili tu zilitua salama. Sita zilipotea, na rubani mmoja akafa. Wale hawakuwa wakichezea mlima kama mimi. Hunter za mwanzo zilibeba mafuta kidogo hivyo, na hali ya hewa ikamalizia. FGA.9 za Eastleigh ziliongezewa matangi makubwa chini ya mabawa, na tangu Jumapili nami nayafunga kila safari, hata nikienda Naivasha tu.

Mei, wiki ya pili

Sasa kazi yenyewe: kusimama.

Hunter ina breki ya hewa chini ya tumbo, lakini magurudumu yakishushwa haitumiki, kwa sababu ingekaribia kukwaruza ardhi. Injini nayo inachelewa kuitikia. Ukiongeza gesi unahesabu moja, mbili, tatu, ndipo nguvu inakuja. Kwa hiyo nakuja na noti 150 hivi (noti ni maili ya baharini kwa saa), flapu, yaani vibawa vya nyuma ya mabawa, zote chini, gesi isiyolala kabisa, nikigusa ardhi kwenye 130.

Lakini noti 130 za kwenye mshale wa kasi si noti 130 za ardhini. Eastleigh iko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya futi 5,300, na nikiweka mchana wa nyuzi joto 25, hewa inakuwa nyepesi kiasi kwamba ndege inakimbia ardhini kwa noti karibu 145. Nishati ya mwendo ya kumalizwa na breki inakuwa robo zaidi ya ile ya uwanja wa pwani asubuhi yenye baridi. Hapo ndipo nikaelewa kwa nini kila mara nilikuwa namaliza njia nikiwa bado nakimbia, ilhali mikono yangu ilifanya kila kitu sawasawa.

Nimetua mara 23 wiki hii. Nilizoita nzuri ni tano. Nyingine nilivuta kishikio mapema mno, nyingine nilisahau kwamba mguu wangu ulikuwa bado umesukuma pedali kwa ajili ya upepo wa pembeni, na breki ikafuata mguu. Hiyo ndiyo hatari ya mfumo huu: kabla ya kuvuta kishikio, lazima uikumbuke miguu yako iko wapi.

Mei, Jumapili ya mwisho

Fundi wa baiskeli amekuja nyumbani. Nilimwambia ahadi ya sabisi bado naidai, akacheka, akaja baada ya kanisa akiwa bado na koti.

Nilitua mbele yake. Nilizidi kidogo mwanzoni, nikaachia, nikavuta tena polepole, na ndege ikasimama njia ikiwa imebaki kama theluthi. Nikaigeuza na kuirudisha hadi maegesho.

Yeye hakuwa akitazama skrini. Alikuwa ameinama chini ya meza, anauvuta waya kwa vidole viwili.

"Huu unakwama hapa katikati, kijana. Umeukunja sana. Na hujaweka grisi."

Kesho nampelekea waya.