Kompaila ilivyonifutia mstari wa hesabu

Nilikuwa naandika programu ndogo ya C ya kujumlisha vipimo vya umeme wa sola: mamilioni ya namba ndogondogo. Kibao cha kielektroniki nilichokuwa nakiandalia kina float (namba ya desimali) ya biti 32 tu, kwa hiyo nikaanza na jaribio kwenye laptop yangu: jumlisha 0.1 mara milioni 10. Badala ya 1000000 nikapata 1087937. Si uchawi. Float hubeba tarakimu kama saba hivi, na jumla ikishapita 524288, kila 0.1 unayoongeza inahesabiwa kama 0.125.

Dawa yake ni ya zamani, William Kahan aliichapisha mwaka 1965. Kile kilichokatika kwenye kujumlisha unakihifadhi, unakirudisha mzunguko unaofuata (x ni namba mpya, c ni kile kilichokatika):

y = x - c;
t = jumla + y;
c = (t - jumla) - y;
jumla = t;

Nikaiweka, nikakompaili na GCC, kompaila inayogeuza kodi kuwa lugha ya mashine, jibu likapotoka vilevile. Nikakompaili kwa -O0, yaani bila kuharakisha kodi, ili niikague hatua kwa hatua kwa debaga, ikatoa 1000000 safi. Kama mtoto mtundu anayetulia baba akiingia! Jioni nzima nikahangaika na mstari wa kusoma data, ambao haukuwa na kosa lolote.

Mwishowe nikatoa asembli, yaani amri za mashine zilizoandikwa kwa maneno, kwa -S, nikatafuta subss, yaani amri ya kutoa. Ndani ya lupu haikuwemo hata moja. Hapo ndipo nikafungua Makefile, faili la maelekezo ya kukompaili, niliyoinakili kutoka mradi wangu wa zamani, nikakuta -Ofast, flagi (chaguo) ya kuongeza kasi. Flagi hiyo huwasha -ffast-math, ambayo huiruhusu kompaila ipange hesabu upya kana kwamba desimali hazikatiki. Na kwa hesabu za darasani, kama t ni jumla + y, basi (t - jumla) - y ni sifuri. Kompaila ikaona c ni sifuri siku zote, ikaifuta. Siwezi kuilaumu, ruhusa niliitoa mwenyewe.

Nilibadilisha flagi kuwa -O3, ambayo haigusi mpangilio wa desimali, na jibu likanyooka. Kasi imepungua kidogo, sawa tu. Jaribio la 0.1 sikulitoa: lisipotoa 1000000, make (programu inayofuata Makefile) inagoma.