Jerikeni Tulizozihesabu Kyangwali

Mwaka 2018 wakimbizi wa Ituri, mashariki mwa Kongo, walikuwa wakivuka Ziwa Albert kwa mitumbwi, wanashukia Sebagoro upande wa Uganda, kisha wanapelekwa kwenye makazi ya wakimbizi ya Kyangwali. Kipindupindu kilikuwa kimeshaingia, na kila kikao kiliishia kwenye ombi lile lile: magari zaidi ya maji. Kabla halijapitishwa, tukatumwa nyumba kwa nyumba kujua kila mtu anapata lita ngapi kwa siku. Kiwango cha chini cha Sphere, mwongozo wa kimataifa wa misaada ya dharura, ni lita 15 kwa mtu kwa siku.

Fomu ya kwenye simu tuliyokabidhiwa iliuliza moja kwa moja: "Mnatumia lita ngapi?" Swali hilo halifai kabisa. Nani hupima maji ya nyumbani kwa lita? Mtu hukisia, au hutaja namba anayodhani italeta msaada. Tukalibadilisha: "Mama, usiku wa jana wamelala wangapi hapa? Tuonyeshe vyombo mlivyochotea maji jana. Hiki kilijazwa mara ngapi?" Chombo ambacho hatukukiona kwa macho hakikuingia kwenye simu.

Mama mmoja alitoa jerikeni yake pekee ya lita 20. Ubavuni ilikuwa na ufa uliozibwa kwa sabuni ya mche, na maji hayakujazwa kupita hapo. Nyumba ya watu sita inahitaji lita 90. Hata jerikeni ingekuwa nzima, angepanga foleni mara tano kila siku, huku ana mtoto mgongoni.

Nyumba tulizozikuta zimefungwa tulizirudia jioni. Ukihoji jirani badala yake, unawakosa walioko bombani, na hao ndio unaowatafuta.

Wastani nao tuliuweka kando, kwa sababu nyumba chache zenye jerikeni nyingi, hasa za wapika pombe, huupandisha. Tulihesabu nyumba zilizo chini ya lita 15 kwa mtu, tukazipanga kwa idadi ya vyombo. Zilikuwepo mbali na bomba, zilikuwepo hatua chache tu kutoka bombani. Karibu zote zilikuwa na chombo kimoja. Bomba lenyewe tulilipima kwa saa: jerikeni ilijaa kabla ya dakika tatu, yaani lita 7.5 kwa dakika, kasi ambayo Sphere huihesabia watu 250 kwa bomba moja.

Kilichopungua kilikuwa vyombo, kwa hiyo ombi la magari likageuzwa kuwa la vyombo: kila nyumba viwili, kimoja cha kuchotea, kingine chenye kifuniko cha kuhifadhia ili klorini isipotee na mikono isiingie. Waliotangulia kupewa ni waliokuwa wameshuka mitumbwini karibuni.