Sauti ya Whitney, leo saluni

Leo mchana niko saluni nasukwa, redio ikapiga "I Look to You" ya Whitney Houston.

Dada anayenisuka akasita, kitana mkononi.
"Hapa sauti ilishaanza kumkimbia," akasema.

Ndivyo walivyoandika wahakiki wengi mwaka 2009, albamu yenye jina hilohilo ilipotoka. Ilikuwa miaka 7 tangu albamu yake Just Whitney. Katikati kulikuwa na dawa za kulevya na ndoa iliyovunjika.

Walifurahi amerudi, ila hawakuacha kutaja mikwaruzo na zile noti za juu asizozifikia tena. Wanunuzi walimpokea: namba 1 Marekani wiki ya kwanza, nakala kama 305,000.

Mimi leo nimesikiliza pumzi.
Anaivuta, unaisikia kabisa, kama mama anayepanda kilima na ndoo kichwani. Halafu anaimba.

Hiyo pumzi kwangu ina thamani kuliko noti yoyote ya juu.

Machozi yakanitoka. Dada akaniuliza kama amenivuta nywele.
Nikamwambia hapana, ongeza sauti.

Nyie je, mnampenda Whitney yupi? Wa zamani au huyu wa 2009? Niambieni hapo chini.