Meli "Iliyo Karibu Kufika"

Tangu asubuhi nimekwama kwenye maneno machache ya sheria ya Marekani ya mwaka 1872: meli "iliyo karibu kufika". Maneno hayo ndiyo yaliyoiokoa Greenpeace, shirika la kutetea mazingira, mahakamani Miami. Hoja ya msitu haikuiokoa.

Aprili 2002 wanaharakati wawili walidandia meli ya APL Jade nje ya pwani ya Miami, na bango la kumtaka Rais Bush akomeshe ukataji haramu wa miti. Melini mlikuwa na mahogani ya Brazil, mti wa ukoo mmoja na mkangazi wetu. Walikamatwa. Kwa kawaida mambo huishia kwa waliopanda, lakini mwaka 2003 serikali ikalishtaki shirika lenyewe, tena kwa sheria iliyotungwa kuwazuia wenye nyumba za wageni waliokuwa wakiparamia meli na pombe kabla haijafunga gatini, wawanase mabaharia. Sheria hiyo ilikuwa imelala tangu 1890! Mei 2004, upande wa mashtaka ulipofunga ushahidi, Jaji Adalberto Jordan akaitupa kesi: haikuthibitika kwamba meli ilikuwa karibu kufika. Anayepanga maandamano ya baharini aanze kwa kuandika saa na mahali meli ilipo.

Ila kupanda meli ni sehemu inayoonekana tu. Kinachonisumbua ni karatasi.

Mahogani ya Amazon huota mmoja mmoja, mara nyingi pungufu ya mti mkubwa mmoja kwa hekta. Mwenye eneo lenye kibali huorodhesha miti asiyo nayo, hupewa meta za ujazo za kuuza, kisha huzijaza kwa magogo yaliyoibwa kwenye ardhi za wenyeji kama Wakayapo. Kiwandani kuna mwanya wa pili. Ukidai gogo limetoa mbao nyingi kuliko linavyoweza kutoa, nafasi hiyo ya vitabuni huingia mbao za wizi. Na gogo likishapasuliwa, namba ya kisiki, inayoonyesha mti ulikatwa wapi, hubaki kwenye maganda na vumbi la msumeno. Ofisa wa forodha anayefungua kontena huona mbao nyekundu zilizopangwa vizuri. Maabara itamtajia aina ya mti, lakini hakuna aliyedanganya kuhusu aina. Uongo uko kwenye kisiki.

Brazil ilisimamisha ukataji na usafirishaji Oktoba 2001. Wauzaji wakakimbilia kortini, wakapata amri za muda, na Ibama, idara ya mazingira ya Brazil, ikalazimika kusaini hati za kusafirisha mbao isizoziamini. Kwa hiyo mhuri ulikuwa halali, saini halali, na mbao zenye shaka chini yake.

Hapo ndipo serikali ya Marekani ilipofanya vizuri, na lazima niseme hivyo: ilizuia shehena bandarini. Kampuni za mbao zikaishtaki. Mwaka 2004, mwaka ule ule wa kesi ya Miami, mahakama ya rufaa ikaipa serikali haki: saini iliyotolewa kwa kulazimishwa na korti haikutosha kuthibitisha kwamba mti ulikatwa kisheria. Mkono mmoja ukizuia mbao, mwingine ukiwaburuta kortini waliozipigia kelele.

Tangu Novemba 2003 mahogani hii imo kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, na nchi inayouza hutakiwa pia kuridhika kwamba biashara haitaumaliza mti huo. Hati ya namna hiyo ikinifikia mkononi, mhuri nitauacha mwisho. Kwanza nani alisaini, na alisaini kwa amri ya nani.