Nilivyokatiza msitu wa Rubya peke yangu na begi la mtumba

Nianze na wale waliosema nitarudi na bodaboda kabla ya saa sita mchana: sikurudi. Nimeukatiza msitu wa Rubya kule Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria, kwa mguu, peke yangu, begi mgongoni, nimetoka kuna giza na nimetokea upande wa pili ng'ombe wanarudi zizini. Na wale wale walionipa ushauri ndio nusura wauue mpango mzima.

Kuna jamaa mmoja hapa Mwanza, jina naliacha, alishapanda Kilimanjaro na ukikaa naye dakika tano lazima utaambiwa. Akanipangia vitu vya kubeba, jaketi zito, soksi za sufu, jiko la gesi, sufuria mbili, sijui na nini. Nikamwambia kaka mimi naenda Ukerewe, ziwa lenyewe liko kama mita 1,134 kutoka usawa wa bahari na vilima vya kule vimekaa hapo hapo juu ya ziwa, hiyo baridi ya kuvaa manyoya mchana wa Julai inatoka wapi? Akanijibu mlima ni mlima. Haya.

Kwenye begi ndio alinimaliza. Nilikuwa nimelipata soko la Mlango Mmoja hapa Mwanza, mtumba safi, elfu ishirini na kitu baada ya kubishana mpaka mwenye mzigo akaninunia, na lina ule mkanda mpana wa kiunoni. Jamaa akauangalia akasema huo ni urembo tu, kata upunguze uzito. Wee! Mkanda wa kiunoni ndio begi lenyewe. Ukiukaza sawasawa juu ya nyonga mzigo wote unashukia kiunoni, miguu ndio inafanya kazi, mabega yanabaki kulishika tu begi lisiyumbe. Ukate uone, saa tano asubuhi shingo haigeuki. Nikamshukuru kwa heshima zote na mkanda nikauacha.

Jiko nalo sikubeba, na sababu ni nyepesi. Rubya ni shamba la miti la serikali, kama lile la Buhindi kule Buchosa, ndani ni mipaini, na kiangazi chini pamejaa majani makavu, cheche moja tu umechoma mali ya umma na wewe mwenyewe umo ndani. Kwa hiyo chakula changu kilikuwa matobolwa na karanga za kukaanga. Wasiojua, matobolwa ni viazi vitamu vinachemshwa kwanza ndio vinakatwa na kuanikwa, msije mkabeba michembe ambayo inaanikwa mbichi, ile ukiitafuna kavu utaacha jino porini. Matobolwa unaweka mfukoni unatafuna huku unatembea, ni matamu, hayaozi, na yanashibisha kweli ukishushia maji.

Meli ya kutoka Mwanza kwenda Nansio, ndio mji wa Ukerewe, mnaijua, masaa matatu na zaidi, nikalala gesti. Mambo ya ruhusa niliyamaliza na watu wa misitu na mtendaji, msiruke hiyo hatua, mtu mgeni na begi kubwa msituni peke yake anaonekana mwizi wa mbao. Pale Nansio kila mtu alikuwa ananisukumia Handebezyo, nenda Handebezyo kuna mawe kuna upepo mzuri utapiga picha. Ndio, pazuri, ila mimi nilitaka kutembea siku nzima.

Kero ya njiani ilikuwa moja, kila nyumba naulizwa nauza nini. Mama mmoja anamenya mihogo akaniita, "We mwanangu, hebu fungua tuone." Nikamwamkia, shikamoo mama, sina biashara, natembea tu. Akaniangalia kwa huruma ya kweli kabisa. "Unatembea tu. Umefiwa?" Mbele kidogo kijana akataka viatu namba nane, nilipokataa kufungua begi akasema machinga wa siku hizi wana maringo. Nikazoea, wengine nikawa nawajibu mzigo umeisha.

Sasa ndani ya mipaini. Kumenyooka, mistari na mistari, kila upande unafanana na mwenzake, na kimya, majani ya chini yanameza hatua zako zote. Nilikuwa naenda vizuri mpaka nasikia prrraa, mkanda wa bega la kushoto umechomoka pale chini uliposhonwa na begi. Uzi ulikuwa umeoza, hilo huwezi kuliona sokoni. Nikakaa chini. Sindano ninayo, uzi ninao, ila kitambaa pale kimekunjwa mara tatu, tundu la kwanza nikasukuma kwa funguo, la pili sindano ikakatika ikabaki nusu ndani. Nikajaribu kufunga fundo na kamba ya nailoni, kitambaa kinateleza, ukikaza linashuka, ukitembea linaachia.

Hapo nikakumbuka walivyokuwa wanafunga maturubai kwetu kama hayana matundu. Unaweka kitu cha mviringo kwa ndani ya kitambaa, unakivuta kitokeze nje kama kifundo, halafu unafunga kamba shingoni mwa kile kifundo, hapo haitoki hata uvute na ng'ombe. Kitu cha mviringo kilicho karibu ni lile tunda kavu la mpaini, yamejaa kila mahali. Nikaweka, nikakaza, kwachu, likasagika lote, begi ndani limejaa vumbi la miti na matobolwa yamepata kiungo kipya. Jiwe halipo, chini ni majani matupu. Ikabidi nilikumbatie begi kwa mbele mpaka kwenye ile njia pana wanayofyeka kuzuia moto, pale kuna kokoto. Nikachagua moja laini isiyo na kona, nikaifunga na kipande cha tyubu ya baiskeli, na hapa ndio penyewe, tumia tyubu usitumie kamba, mpira unang'ang'ania na ukitembea unavutika kidogo, bega halichubuki. Fundi baiskeli anakupa bure au mia tano. Mpaka leo lile jiwe limo kwenye begi, sishoni.

Ile njia ya moto ikanisaidia na kitu kingine. Ramani ya simu mtandao ulikuwa unakuja unapotea, ila njia hizi zinagawa shamba vipande, ukishika moja usiiache kwa kutamani vichochoro, mwisho wake ni barabara au mpaka wa msitu. Mimi ilinitoa karibu na ziwa, kwenye dago, yaani kambi ya wavuvi, dagaa wameanikwa mchangani. Nilienda makusudi siku za giza. Mbalamwezi ikiwa kali wavuvi wa dagaa wanapumzika kwa sababu taa zao hazivuti kitu, unaweza ukakuta dago tupu na kiu yako. Nikapata chai ya rangi na chapati, hawakutaka hela, nikaacha karanga.

Maji ya ziwani sikuyagusa, si kunywa si kunawa miguu hata kama imewaka moto. Kichocho kinaingilia kwenye ngozi, hakisubiri unywe. Nilikuwa na chupa zangu nilizojaza kisimani kijijini, vidonge vya kutibu maji ndani, nusu saa unakunywa.

Mzee mmoja pale akanionya nisifuate ufukwe jioni, viboko wanatoka majini kula majani giza likianza, na mamba nao wapo. Nikamuuliza basi nipite wapi mzee wangu, akacheka, "Fuata ng'ombe." Kumbe ni kweli bwana. Asubuhi njia ya ng'ombe inakupeleka majini, jioni hiyo hiyo inakupeleka kwa watu. Nikajiunga nyuma ya kundi la ng'ombe kama kumi na mtoto mwenye fimbo, tukapandisha kilima, tukapita mawe makubwa, mtoto ananiangalia haongei. Mwisho akashindwa kuvumilia, "Anko, hilo begi lina mpira?" Nikampa kipande cha tyubu kilichobaki atengenezee manati.

Barabarani nikakuta bodaboda, akataka elfu kumi na tano mpaka Nansio, tukamalizana kwa kumi. Ugali wa muhogo na sato usiku ule nililipa bila kuuliza bei.